Mizigo ya Kipupwe

Siku mliponiaga kazini, mmoja wenu aliniuliza, mdomo umejaa pilau, eti safari ya kipupwe kule mlimani huwa inapangwaje. Nikajibu kwamba inapangwa kwa woga. Mkacheka, muziki ukafunguliwa, swali likaishia hapo. Lakini sikuwa natania. Sasa muda ninao. Nimekaa kibarazani kwangu Katubuka, goti la kulia nimelinyoosha juu ya kigoda, nawaandikia jibu lenyewe. Nani alipanda cheo lini, hayo mtayakuta kwenye majalada. Hayo hayamsaidii mtu aliye juu mlimani upepo unavuma.

Mimi kwetu ni Makete, kule ambako umande huganda na viazi huungua kwa baridi shambani. Nilishuka kwenye treni hapa Kigoma nimevaa sweta la sufu alilonifumia mama, jasho linanitiririka mpaka viatuni. Watoto wa stesheni walinifuata wakiniimbia. Nilipofika ofisini, mkuu wetu wa misitu alinitazama akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, natoka nyanda za juu. Akasema, "Basi wewe ndiye utakayekwenda mlimani," na hivyo ndivyo nilivyopangiwa kazi iliyonishika mpaka nywele zikageuka.

Kazi yenyewe mnaijua, ila wasioijua niwaambie. Kusini mwa hapa kuna milima inayopanda moja kwa moja kutoka ziwani. Mito yote wanayokunywa watu wa vijiji vya ufukweni inatoka huko juu. Kila kipupwe, majani yanapokauka na moto unaanza kutembea, sisi wachache tulikuwa tunakwenda kuangalia chemchemi na kuzima moto waliousahau warina asali. Barabara hakuna. Unakwenda kwa boti, kisha kwa miguu siku kadhaa, na chochote utakachokihitaji unakibeba mgongoni. Ulichosahau, umesahau.

Aliyenipokea katika kazi hiyo alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Ujiji, mpishi wa kambi na kiongozi wa wabeba mizigo. Mfupi, mkimya, mwenye maneno mengi pale tu mtu anapogusa sufuria yake. Asubuhi ya kwanza nilimkuta kwenye baraza ya ofisi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Lete begi."

Nikampa. Akaligeuza chini juu, vitu vyangu vyote vikamwagika sakafuni mbele ya makarani. Akawa anaokota kimoja kimoja.

"Hiki nini?"

"Sheria za misitu."

"Moto unajua kusoma?"

Kitabu kikawekwa pembeni. Kikafuata kioo, kikafuata kiatu cha pili cha kutokea. Alipomaliza, mzigo ulikuwa nusu, nami nilikuwa nimenuna kabisa. Hapo ndipo nilipoona kwamba katika mizigo yake na ya wenzake kila mtu ana blanketi moja jembamba, na nguo ni zile zile alizovaa.

"Mzee, huko juu kuna baridi?"

"Kuna ubaridi."

"Maji yanaganda?"

"Maji hayagandi. Mawese yanaganda."

Nikajua mtu huyu anaujua mlima, lakini baridi haijui kama mimi ninavyoijua. Kule juu nikaliona kwa macho. Wenzangu, watu wa joto la ziwani, walipanda wakiloa jasho, wakafika mianzini jua linazama, wakalala na nguo zile zile mbichi. Asubuhi walikuwa hawawezi kufunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa nimebadili nguo, nimevaa soksi kavu na sweta la mama, nimelala kama nipo nyumbani. Mzee Hamisi alinitazama tu. Tuliporudi mjini alikuja mezani kwangu akasema, "Haya. Nifundishe."

Hivyo tukafundishana. Mimi nilimfundisha kwamba kila mtu abebe nguo kavu zilizofungwa kwenye nailoni, asiziguse mchana hata akilowa vipi. Zivaliwe wakati wa kulala tu. Akaziita nguo za Idi, na jina hilo mnalitumia mpaka leo bila kujua lilikotoka. Yeye alinifundisha yaliyobaki. Mawese yabebwe kwenye kopo la maziwa lenye mdomo mpana, kwa sababu kwenye chupa yakishaganda utayatazama tu. Kiberiti kitiwe kwenye chupa ndogo, kifuniko kizibwe kwa nta ya mshumaa. Dagaa wachaguliwe mwaloni Kibirizi na mtu mwenye pua, wale waliokauka mpaka wanalia mkononi. Dagaa mbichi watakuozea begini na utanuka wewe. Kuni za kuwashia zikusanywe huku chini na kubebwa, kwa kuwa mianzi ya juu ina maji ndani yake na itakutolea moshi tu. Betri za tochi zilale na wewe ndani ya blanketi. Sukari iwe nyingi kuliko unavyoona aibu kuomba. Na kwa wiki nzima kabla ya safari, kila mtu apande kutoka Kibirizi hadi soko la Mwanga kilimani na mzigo wake kamili mgongoni, jua kali, wauza vitenge wakimcheka. Mguu unaouma Mwanga una dawa. Unaouma mlimani hauna.

Miaka ikaenda. Halafu vita ikalipuka ng'ambo ya ziwa.

Waliokuwapo wanakumbuka. Asubuhi ukitazama ziwa unaona mitumbwi na maboti yamesheheni watu, magodoro, mbuzi, cherehani, vizee vilivyokalishwa juu ya masufuria. Kibirizi pakawa hapapitiki. Wanafunzi walipisha madarasa, waumini wa kanisa na wa msikiti wakapika uji katika mapipa, na sisi wa serikalini tukawa makuli kama watu wengine. Mahema yetu ya ofisi yakachukuliwa siku ya kwanza. Mablanketi siku ya pili. Boti ya ofisi ikawa inavusha watu na wagonjwa. Sikunung'unika hata kidogo. Nilifunga mafurushi yale kwa mikono yangu mwenyewe.

Kipupwe kilipoingia, mkuu akasema safari ya mlimani mwaka huu haipo. Nikakubali. Lakini wavuvi wa kusini wakaanza kuleta habari. Kuna moshi huko juu, walisema, juu kabisa mianzini, ambako hakai mtu. Leo upo, kesho upo. Mkuu akaniita.

"Warina asali?"

"Mrina asali hakai sehemu moja siku zote hizo."

"Mianzi ikishika moto?"

"Mito ya vijiji vyote vile itakauka."

Akasema, "Boti nitakupa ya kwenda na kurudi. Zaidi ya hapo sina kitu."

Ndipo nilipojifunza kupanga safari bila kitu. Mjini kote blanketi halikupatikana. Pale sokoni Mwanga, kando ya duka la vitambaa, alikuwa ameanza kushona mama mmoja mkimbizi, jina lake Maombi, kwa cherehani aliyovuka nayo ziwa mapajani. Mume wake walipotezana kwenye purukushani ya kupanda mitumbwi. Nilimwendea kumwuliza kama anaweza kuunganisha mashuka mawili mawili yawe mazito. Akaniuliza ni ya nini, nikamweleza.

"Shuka hata kumi hazitakusaidia kwa mlima," alisema. "Leta sufi."

"Ya kujazia mito ya kulalia?"

"Hiyo hiyo. Kwetu juu tunalalia hiyo."

Nikaleta sufi gunia zima. Akaijaza kati ya mashuka, akapiga mishono ya kukatiza, mirefu na mifupi, ili isiteleze ikakusanyika miguuni. Juu akafunika turubai. Akashona pembeni likawa kama mfuko, mtu anaingia ndani hadi shingoni. Mzee Hamisi alipouona alisema huo ni mkate wa kujaza nyama, na nyama ni sisi. Ilitoka mitatu, sufi ikaisha. Tulikuwa watatu: mimi, Mzee Hamisi, na Bitaliho, Muha wa Kasulu, mwenye mabega ya kubeba mlango na moyo wa kulia akiona kuku anachinjwa.

Nilipokwenda kuichukua, Maombi alinishika mkono. "Dada, ukikuta watu wa ng'ambo huko, waulize kama wamemwona Bwana Alimasi, fundi viatu. Mguu mmoja anachechemea."

Nikamwahidi, ingawa moyoni nilijiambia mlimani hakuna watu.

Tuliteremkia ufukweni, tukaingia msituni, tukapanda. Siku ya pili miti ikapungua urefu, ukungu ukaanza kupita kati yetu, na Bitaliho akaacha kuimba. Tulipofika mianzini, mchana, tulisikia harufu ya moshi kabla hatujauona. Nikajipanga kuwagombeza warina asali. Hotuba yote nilikuwa nayo kichwani.

Tulichokuta ni kibanda cha majani chini ya mwamba. Mwanamume alitoka na panga, akaliangusha, akapiga magoti. Nyuma yake mke wake alikuwa amewafunika watoto wawili kwa kanga.

"Muko basoda?" aliuliza, akitazama koti langu la kaki. "Tafadhali, musiturudishe."

"Si askari," nikasema. "Sisi ni watu wa miti."

Aliendelea kutazama koti. Nikalivua nikampa Bitaliho, nikabaki na shati. Hapo ndipo akanyanyuka. Aliitwa Anzuruni. Mtumbwi uliwashusha alfajiri pwani isiyo na nyumba, mwenye mtumbwi akakimbia. Kwao, alisema, vita ikija watu wanapanda mlima, maana askari hawapendi mlima. Basi wakafuata mto hadi unapoanzia.

"Na mama yangu," alisema, akaonyesha ndani ya kibanda. "Mama iko nakufa."

Bibi Wabiwa, ndilo jina la mama huyo, alikuwa ndani, amelala juu ya majani mabichi, kitenge kimoja kimelowa ukungu. Niliugusa uso wake, kisha tumbo lake, na tumbo lilikuwa baridi. Nilimsemesha, akajibu neno nusu kama mlevi. Lililonitisha zaidi ni kwamba hakuwa anatetemeka. Mkewe Anzuruni akaniambia asubuhi alikuwa anatetemeka sana, sasa afadhali ametulia.

Haikuwa afadhali. Makete tunaijua hali hiyo.

Mzee Hamisi alikuwa ameshaanza kufunga kamba. "Tumbebe tushuke sasa hivi. Chini kuna joto, na kabla ya giza tutakuwa msituni."

"Hapana, Mzee. Apate joto hapa hapa kwanza."

"Binti, ukungu unakaza. Tukikaa, tutalala kwenye upepo na chakula cha watu watatu, nasi tuko wanane."

"Akitikiswa njiani hali hii, moyo utasimama."

"Unakisia, au umeona?"

"Nimeona. Baba yangu mdogo alikutwa shambani hivi hivi. Vijana wenye nguvu wakambeba mbio. Walifika nyumbani na maiti."

Sikuwa nimewahi kumweleza mtu Kigoma habari ya baba mdogo. Mzee Hamisi alinitazama. Alikuwa na umri wa kunizaa, milima ile aliikanyaga kabla sijajua kusoma, na kama angesema tunashuka, Bitaliho angemfuata yeye. Mimi ningebaki na maneno yangu. Akaitupa kamba chini.

"Bitaliho, kata mianzi, uzibe upande wa upepo. Mimi napika uji. Mama Sanga, sema tufanye nini."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu la ukoo badala ya binti.

Tukamvua Bibi vitambaa vilivyolowa, tukamvika nguo zangu za Idi, soksi zangu, sweta la mama. Tukatandika majani makavu na mfuko mmoja wa Maombi chini, mwingine tukamwingiza yeye, nami nikaingia humo humo nikamkumbatia. Ilikuwa kama kukumbatia jiwe la mtoni. Anzuruni alitaka kumsugua miguu na kumsogeza motoni. Nikamkataza, damu ya baridi haitakiwi ikimbilie moyoni kwa kishindo. Mzee Hamisi akaleta uji mwepesi uliojaa sukari, akawa anamdondoshea kwenye mdomo kwa kijiko, kidogo kidogo, akimngoja ameze. Mtu yule aliyekuwa akigombana na mtu kwa kufunua sufuria tu, sasa alikuwa anabembeleza. "Haya, mama. Kidogo tena. Haya."

Muda ulipita. Nilianza kuogopa kwamba nimekosea, na kwamba nimewafungia watu wote juu ya mlima kwa ajili ya kumbukumbu yangu. Sala nilizofundishwa kanisani nilizimaliza, nikaanza kujitungia. Kisha nikasikia kitu kifuani kwangu, kama panya anapita chini ya nguo. Kikakoma. Kikaja tena, kwa nguvu zaidi. Bibi alikuwa ameanza kutetemeka. Meno yakagongana, mwili mzima ukaruka.

Anzuruni akapiga yowe, akidhani ndiyo roho inatoka. Mimi nilikuwa nacheka na kulia ndani ya ule mfuko, nikipiga kelele, "Anatetemeka! Mzee, anatetemeka!"

"Nasikia," alisema Mzee Hamisi, akakaa chini ghafla. "Mpaka uji unamwagika."

Tulilala tumebanana wote kama dagaa, watoto katikati, na asubuhi Bibi Wabiwa alifumbua macho, akaniona usoni pake. 

"Nilifikiri nimekufa," alisema. "Nikashangaa, kumbe kwa wafu kuna sukari."

Hatukuondoka siku hiyo. Chakula kilikuwa kidogo, Bitaliho akasema ana mabega makubwa lakini tumbo dogo, uongo ambao sijausahau. Bibi alipoweza kukaa na kulalamika, ndipo tulipomtengenezea machela ya mianzi. Bitaliho na Anzuruni wakabeba, mimi nikabeba mtoto mmoja, mama yake mwingine, na Mzee Hamisi masufuria, maana hakumwamini mtu. Kabla ya kuondoka tulimwaga maji kwenye jivu la ule moto, tukalifukia, tukalikanyaga. Kazi ya watu wa miti ikawa imefanyika nayo.

Njiani nilimwuliza Anzuruni kuhusu Alimasi, fundi viatu. Hakumfahamu. Mjini niliona vigumu kwenda Mwanga bila jibu, lakini nilikwenda. Maombi alisikiliza, akainamia kazi yake, akashona mshono mzima. Kisha akauliza, "Na ile mifuko, iliwatosha?" Nikamweleza habari ya Bibi. Siku iliyofuata alikwenda kwenye kituo cha mapokezi kumwona mtu aliyelala katika mishono yake, na magari yalipokuja kuwapeleka kambini aliomba apande gari lao. Cherehani ilikaa mapajani mwa Bibi Wabiwa, kama Maombi alivyoniambia baadaye, kwa sababu Bibi ndiye aliyekuwa na mapaja ya kutosha. Mume hakupatikana mwaka ule wala uliofuata. Nilipomwona Maombi mara ya mwisho, kabla hawajarudi kwao, alikuwa na wanafunzi wa kushona watano na Bibi anawagombeza.

Mzee Hamisi naye hakuligusa lile jambo la kubishana kwetu. Wala hakuniambia nilikuwa sahihi. Ila tangu hapo, kila kipupwe, siku ya kufunga mizigo, alikuwa akisimama mbele ya vijana wote aliowazidi umri na maarifa, akinigeukia na kuuliza, "Mama Sanga, baridi inasemaje?" Akangoja jibu. Nimepata vyeti kadhaa katika utumishi wangu. Hakuna kinachofikia lile swali. Alifariki kwake Ujiji, kitandani, wajukuu wamemzunguka, na nilipokwenda mazikoni wanawe walinikalisha pamoja na ndugu wa marehemu.

Mmeniuliza jinsi ya kupanga, nami nimewaeleza watu. Samahani, ndivyo ninavyojua. Nguo kavu na kopo la mawese ni rahisi kukumbuka. Kumpata mwenzako atakayeitupa kamba chini kwa sababu ya neno lako, hilo halifungwi kwenye nailoni. Mimi nilipewa bure, na zaidi ya mara moja, na nashukuru.

Kipupwe kilichopita, safari yangu ya mwisho kazini, goti lilikataa. Niliishia kijijini ufukweni, nikawatazama mkiingia msituni na mizigo niliyoikagua mpaka mkanichoka. Siku zile zote sikula vizuri. Mwenyeji wangu aliniuliza naumwa nini, nikasingizia goti. Kisha asubuhi moja, nikiwa naosha uso ziwani, nikasikia sauti zenu kutoka kwenye miti, kabla sijamwona hata mmoja. Mlikuwa mnagombana kwa makelele nani aliunguza ugali. Nilizitambua sauti zote, na hakuna iliyokosekana. Nikakaa juu ya jiwe, maji yakinichuruzika usoni, nikawaacha mgombane.